Mlima Unaoinyima Dodoma Mvua

Mkazi wa Dodoma hujua ratiba ya maji ya mtaa wake kabla hajalijua jina la mjumbe wake. Yakitoka saa nane usiku, saa nane usiku tuko uani: simtanki kwanza, kisha mapipa, kisha madumu, na mwisho masufuria ambayo asubuhi yatatakiwa kwa chai. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba ndani ya mkoa wetu huuhuu, upande wa Mpwapwa, kuna mahali maji yanaporomoka usiku na mchana, kifuku na kiangazi, na hakuna aliyekinga ndoo, sikwenda kutafuta picha. Nilikwenda kwa wivu.

Wageni wakiitaja Dodoma hutaja mibuyu, zabibu na vumbi, na hawakosei sana. Mjini tunapata mvua ya milimita mia tano na ushee hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikikata, imekata, hadi Novemba huoni tone. Maji ya bombani sehemu kubwa hupandishwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa vitendo mwaka 2016, watu wameongezeka kwa kasi ambayo visima havikuizoea.

Lakini mkoa una kona yake ya kusini-mashariki ambayo haifanani na kadi za posta. Huko kuna milima ya Rubeho, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Uluguru na Ukaguru hadi Udzungwa. Pepo zenye unyevu zinatoka Bahari ya Hindi, zinaikuta milima, zinalazimika kupanda. Huko juu kuna baridi, mvuke unageuka wingu, wingu linamwaga. Upepo ukishavuka na kuanza kushukia upande wetu, umeshabaki mkavu. Darasa la sita mwalimu alituchorea ubaoni mlima, mishale ya upepo upande mmoja na jua kali upande wa pili, akaandika “kivuli cha mvua”. Tulinakili kwa kalamu za rangi, tukapata vema zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tumekaa ndani ya kivuli chenyewe.

Kwa hiyo maporomoko niliyokuwa nayafuata na ukame ninaoishi nao ni watoto wa mama mmoja. Mlima uleule unaomwaga maji kule ndio unaotunyima mvua huku. Hilo nililiwaza njia nzima, na njia yenyewe ni ndefu.

Unatoka Dodoma kwa barabara ya Dar es Salaam hadi Mbande, unakata kulia kuelekea Kongwa, unaendelea Mpwapwa. Kosta tuliyopanda ilikuwa imebeba mabati juu na kuku chini ya viti, na kondakta aliyeapa kwamba siti ya watu wanne inawatosha watano “wakipendana”. Kongwa tulipita bila kusimama sana. Mahali pale mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga za kuilisha mafuta nchi yao iliyotoka vitani. Udongo ukikauka unakuwa mgumu wa kuvunja majembe, na mvua hazikuja walivyozipangia. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Babu zetu Wagogo walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwenye nchi ileile, na sidhani kama kuna aliyewauliza.

Mpwapwa ni mji mtulivu uliokaa chini ya milima ya Kiboriani, na umaarufu wake wa zamani ulikuwa maji. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa, ikanywa, ikajaza vibuyu, kwa sababu mbele ya Chunyo ilikuwa inaingia Marenga Mkali, nyika ya kuivuka kwa mwendo wa haraka bila maji ya kutegemea. Wapelelezi wa Kizungu nao waliivuka nyika hiyo, Burton mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote waliandika juu ya kiu yake. Ukitoka nyikani ukaingia Ugogo, watemi walikuwa wanakudai hongo ndipo upite, na kwa nchi ambayo kisima ni mali kuliko dhahabu, kuchota nako kulikuwa na bei yake. Wazungu wale walilalamika sana kwenye vitabu vyao. Mimi niliyewahi kununua maji ya boza wiki ya Krismasi siwashangai watemi hata kidogo.

Toka Mpwapwa hadi Gulwe ni karibu. Pale unavuka reli ya kati ya zamani na mto Kinyasungwe, na huo mto ukiuona kiangazi unaweza kuucheka: mchanga mpana, mweupe, na watoto wanachimba mashimo wachote maji yaliyojificha chini. Usiucheke. Mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe vibaya sana, na treni zikasimama kwa miezi. Mchanga ule wote ni milima imeshuka. Kila shamba linalofunguliwa mteremkoni bila matuta linapeleka udongo wake Kinyasungwe.

Kutoka hapo nilichukua bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa na adabu na breki nzuri, na kila tulipofika kwenye mwinuko mkali alizima pikipiki na kusema, “Dada, hapa utanisaidia kidogo,” maana yake shuka utembee. Nilimsaidia sana siku ile. Lakini kwa kutembea ndiyo unaona nchi inavyobadilika. Mbuyu wa mwisho nilimwacha chini kabisa, amesimama peke yake kwenye shamba la ufuta. Miiba ikapungua. Udongo ukatoka wekundu ukaingia weusi. Kisha, kwenye kona moja, migomba. Migomba Dodoma! Nilimwomba kijana asimame nitazame vizuri, akanionea huruma.

Kijiji sitakitaja jina, na sababu yake inakuja. Nilianzia ofisi ya kijiji kama inavyotakiwa, nikasaini kitabu cha wageni, mtendaji akaniuliza natoka taasisi gani. Nilimwambia sina taasisi. Alifikiri kidogo, akaandika “binafsi”. Mwenyekiti akaja, tukasalimiana “Mbukwenyi” mara kadhaa, akafurahi kwamba mgeni kutoka mjini amefika kwa miguu yake mwenyewe bila shangingi la semina. Alinipa mwenyeji wa kunipeleka: fundi wa maji wa kijiji, mzee mwembamba mwenye buti za mpira na spana mfukoni, ambaye tangu tunaondoka hadi tunarudi sikuwahi kumwona ameketi.

Tulipanda kati ya mashamba ya maharage na viazi mviringo. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimeisha karibuni, njia imekauka lakini mto bado umeshiba. Kama unataka kwenda, huo ndio wakati. Sauti niliisikia kabla sijaona kitu. Nilidhani ni mashine ya kusaga inayonguruma ng'ambo ya kilima, nikamuuliza fundi kama kuna umeme hadi huku juu. Akacheka tu.

Unatokea ghafla. Njia inazunguka jiwe, na maji yako mbele yako, marefu kiasi kwamba ukitaka kuona yanakoanzia lazima ushike kofia. Yanashuka kwa hatua mbili. Ya juu imefichwa na miti, unaona weupe tu unaometa kati ya majani. Ya chini inaangukia kibao cha mwamba mweusi wenye mistari myeupe, na hapo ndipo maji yanapasuka na kuwa moshi. Moshi ule haukai mahali pamoja: upepo ukivuma unakufuata ulipo, miwani inaota ukungu, nguo zinalowa bila wewe kusogea. Chini kuna kidimbwi cha kijani kibichi, na pembeni yake, kwenye tope lenye unyevu, vipepeo wa njano walikuwa wamepanga mstari wakinywa. Nilitia mkono. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa.

Nilikaa pale muda mrefu bila kufanya lolote. Kichwani nilikuwa napiga hesabu za mtu wa Dodoma: ndoo ngapi kwa dakika, simtanki ngapi kwa saa. Mtaa wetu wote ungejaa kabla ya adhana ya adhuhuri.

Fundi yeye hakuyatazama maporomoko hata mara moja. Alichotaka kunionyesha kilikuwa juu zaidi, na ilibidi tupande kwa kushika mizizi. Huko, kabla mto haujafika kwenye mporomoko, kuna banio: ukuta mfupi wa zege, umechakaa, wenye wavu wa chuma na bomba linalotokea ubavuni. Wavu ulikuwa umeziba kwa majani. Aliinama akayazoa kwa mikono, konzi baada ya konzi, na katikati ya majani akatoka kaa. Kaa wa mtoni, rangi ya kutu, amenyanyua gando moja kwa hasira. Mzee alimkamata kwa mgongo, akamgeuza tumbo juu kama anakagua kitambulisho, akamrudisha majini chini ya ukuta. “Huyu ndiye bwana afya wetu,” alisema. “Siku nikikosa kumwona huyu, nafunga koki, naenda juu kutafuta nani kamwaga dawa ya shamba.”

Mradi wao ni wa mserereko. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna bili ya umeme. Maji yanashuka yenyewe kwa kuwa chanzo kiko juu na kijiji kiko chini. Ni rahisi kuusifia mpaka fundi akueleze shida zake. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza msukumo wa karibu baa 1, kipimo cha presha, ndani ya bomba, na mlima huu una mita nyingi. Ukishusha bomba moja kwa moja bila kupumzisha maji, huko chini viungo vinaachia na bomba za plastiki zinapasuka usiku watu wamelala. Kwa hiyo njiani wamejenga matenki madogo ya kuvunja presha, maji yanamwagika humo, yanatulia, yanaanza safari upya. Moja ya matenki hayo lina ufa. Fundi ameuziba kwa saruji, ukafunguka. Akauziba tena kwa saruji na kitambaa cha gunia. “Wa wilayani wamepiga picha,” alisema, akaishia hapo.

Na mserereko una ukatili wake: maji hayapandi. Kitongoji cha chini kina magati, ndoo ya lita 20 ni shilingi 50, na fedha hizo ndizo zinazonunua koki na gundi. Kaya zilizo ng'ambo, kwenye bega la mlima juu ya banio, zinasikia mvumo wa maji usiku kucha na bado zinachota kwa kichwa. Wivu niliokuwa nimepanda nao ulipungua hapo. Nilikutana na bibi mmoja wa kaya hizo akishuka na dumu lake la njano, kitenge kimefungwa kifuani, miguu peku kwenye mawe ambayo mimi nayashuka kwa makalio.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kuoga?”

Nilisema hapana, nimekuja kutazama. Akaweka dumu chini. Inaelekea swali lake halikuwa la utani. Mwaka jana lilikuja kundi la vijana kutoka mjini, na spika kubwa, na nyama ya kuchoma. Wakaingia kidimbwini na sabuni na shampuu, povu likakaa siku mbili kwenye kona ya mawe ambayo yeye ndipo anapochotea. Waliacha chupa, na pempasi, ambazo alizitamka kwa namna ya kunifanya nione aibu mimi ambaye sina mtoto. “Nyinyi mnaita kivutio,” alisema. “Mimi hiki ni mtungi wangu. Nani anaoga kwenye mtungi wa mwenzake?” Nilipomwambia naandika makala, akanikamata mkono. “Usiwaambie jina.”

Mwenyekiti, kwa upande wake, alitaka jina liandikwe, na kwa herufi kubwa ikiwezekana. Ana zahanati ambayo jengo lake limeishia kwenye lenta. Anajua kwamba mjini sasa kuna watumishi wengi ambao Jumamosi ikifika hawana pa kwenda, wanazunguka na magari mazuri wakitafuta mahali pa kupiga picha. Elfu mbili kwa kichwa, alisema, magari kumi kwa mwezi, na zahanati inapata bati. Nilipiga hesabu zake nikaona hazina kosa. Nilimsikiliza bibi pia, nikaona hana kosa. Jina nimeliacha kwa sababu kati ya hao wawili ni mmoja tu anayekunywa pale.

Kuna jambo jingine ambalo wote wawili walilipitia juu juu, na fundi peke yake ndiye aliyelisema kwa kirefu. Ukisimama juu ya banio, ukitazama mto unakotoka, upande wa kushoto ni msitu. Upande wa kulia kuna shamba la mahindi, limeshuka hadi karibu na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji na kingo za mto, na kila mtu kijijini anaitaja hiyo 60 kama anavyotaja namba yake ya simu. Shamba lile nililikadiria kwa hatua, hazikufika ishirini. Mwenye shamba ni kijana mwenye watoto, aliyerithi kipande hicho na hana kingine. Fundi alishamwambia, mtendaji alishamwandikia. “Akihama ale wapi?” fundi aliniuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu. Sikuwa nalo. Ila najua kwamba sheria inayopimwa kwa mita, bila kumtafutia mtu eneo jingine, hupimwa kila mwaka na kuvunjwa kila msimu.

Msitu wa kushoto ndio unaofanya maporomoko yasikauke mwezi wa kumi, wakati hakuna mvua. Mvua ikinyesha msituni inapokelewa na majani, inadondoka taratibu, inazama kwenye udongo laini uliojaa mizizi na majani yaliyooza, na huko inakaa miezi, ikitoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Hata ukungu peke yake, ukipita kati ya miti, huacha matone yanayodondoka chini. Ikinyesha kwenye shamba tupu la mteremko inakimbia siku hiyohiyo, na udongo inaondoka nao, na hapo ndipo watu wa Gulwe wanapata mafuriko Januari na mchanga mtupu Septemba. Katikati ya msitu niliona visiki vya mikaratusi vinavyochipua upya. Miaka ya nyuma waliletewa miche waipande kwenye chanzo, “kuhifadhi mazingira”, mpaka walipogundua kwamba mikaratusi yenyewe inakunywa kama mgeni asiye na haya. Sasa fundi anapita na panga kila mwezi kukata machipukizi. Mti huo hauzoei kufa.

Nilimuuliza maji yakitoka hapa yanakwenda wapi. Alinyoosha mkono kuelekea bondeni, akasema “Kinyasungwe”, na baada ya hapo si kazi yake. Ramani inaendelea: Kinyasungwe inapokea jina la Mkondoa kuelekea Kilosa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwagikia Bahari ya Hindi huko Saadani. Kwa maneno mengine, maji yaliyoletwa na upepo kutoka baharini yanarudi baharini. Dodoma mjini hayafiki. Tumekaa upande usio wake, yanapita mbali na sisi yakiwa yanakuja na yakiwa yanarudi.

Tulikula kwa fundi, ugali na maharage mabichi yaliyochemshwa na kitunguu, chakula cha mlimani. Mlenda mkavu niliobeba kutoka mjini kama zawadi ulipokewa kwa furaha ambayo sikuitegemea, maana huko juu uwele haustawi na mlenda wa kukausha hawaupati kirahisi. Mkewe alinijazia begi viazi. Bodaboda ya kurudi ilishuka bila kuzima pikipiki hata mara moja, na nilitamani aizime.

Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya wilaya ikiridhia. Nilimkumbusha mwenyekiti jambo hilo kabla sijaondoka, akasema analijua, tatizo ni watu kukubaliana. Wiki iliyopita fundi alinitumia ujumbe. Mkutano mkuu wa kijiji umekaa: mgeni atalipa elfu mbili ofisini na kupewa risiti, ataongozana na mwenyeji, sabuni na spika marufuku, na kidimbwini haingii mtu. Sasa wanasubiri wilaya. Bibi wa ng'ambo alipinga hadi mwisho wa kikao. Anataka iwe elfu kumi.